Samaki Aliyerudi Migori

Mbuta yule nilimchagua mwenyewe. Sikutuma mtu. Nilisimama bichi Homa Bay asubuhi, boti za Mfangano zikishusha, nikapita kwa huyu na kwa yule nikifunua mashavu ya samaki kwa kidole kuangalia wekundu, mpaka nikampata mmoja mnene, mzito wa kubebwa na watu wawili. Mchukuzi mmoja akaniuliza, "Dani," yaani nyanya, "kuna harusi?" Nikamwambia ipo, na wewe hujaalikwa. Akacheka. Nami nikacheka. Nilikuwa na furaha siku ile, na hilo ndilo linaloniuma zaidi nikikumbuka.

Shule niliacha darasa la nne. Naandika kama ninavyosema, na anayetaka Kiswahili cha redio akafungue redio. Biashara nilianza na beseni la omena, dagaa wa ziwani, kichwani, nikinunua kwa wavuvi Homa Bay na kuuza sokoni Migori. Leo nina duka la samaki mjini, nina nyumba ya matofali, na watoto wangu wote nimewasomesha bila mjomba wala mbunge. Nayasema haya ili ujue ni mtu wa namna gani aliyempeleka yule samaki.

Kuna jambo lingine la kulijua. Kwenye bichi zetu kuna kitu kinaitwa jaboya. Samaki ni wachache, wanawake wanaowataka ni wengi, basi mvuvi anamwuzia yule anayekubali kulala naye. Wako waliokubali kwa sababu watoto walikuwa na njaa, na hao mimi siwasemi. Mimi nilikataa. Nilirudi Migori na beseni tupu, nikarudi tena na beseni tupu, mpaka wavuvi wakachoka kunijaribu, wakaniuzia kwa pesa kama wanavyomwuzia mwanamume. Jambo hili nimelitangaza maisha yangu yote. Nimelitangaza harusini, nimelitangaza matangani, nimewatangazia hata wateja ambao hawakuuliza.

Binti yangu wa mwisho alimaliza chuo akakaa nyumbani kusubiri kazi. Kazi haikuja. Magoti yangu yalikuwa yameanza kukataa, nikamwachia duka. Nilidhani ataliua. Badala yake akaongeza friza, akaweka jiko nje, akaanza kukaanga samaki jioni kwa ajili ya watu wanaotoka kwenye mashimo ya dhahabu ya Osiri, ambao wana njaa na hawana wa kuwapikia. Duka likachangamka kuliko siku zangu. Halafu siku moja, akiwa anapara magamba ya ngege, akaniambia anarudi chuo kutafuta digrii ya pili. Masomo ni Jumamosi, kampasi ya Homa Bay, na duka haachi.

Nikamwuliza, "Ya kwanza imekupa nini?"

"Imenipa hamu ya ya pili."

"Na samaki watauzwa na nani?"

"Na mimi, Mama. Kwani nimesema nahama?"

Kweli hakuhama. Alisoma pale pale, nyuma ya friza, kompyuta ikiwa juu ya kreti ya soda iliyogeuzwa, miguu ndani ya maji ya barafu iliyoyeyuka. Mteja akija anainuka, anapima, anafunga, anarudi kukaa. Mwalimu wake akipiga simu anamjibu kwa Kizungu huku mkono mwingine unageuza samaki kwenye mafuta. Wachimbaji wa Osiri, viatu vyekundu kwa tope, walimwita Profesa. "Profesa, ongeza pilipili." "Profesa, huyu samaki amesoma mpaka wapi?" Naye anawajibu, "Amesoma kukushinda, ndiyo maana ni ghali." Mwanamke wa meza ya jirani, anayeuza omena, alikuwa akisema kwamba huyu akimaliza tutauziwa kwa Kizungu na tutalipa hata salamu.

Nilijivunia yeye. Lakini pia nilimwona akisinzia amesimama, kisu mkononi. Nilimwambia nirudi dukani mimi, yeye asome tu. Akakataa. Alisema duka ndilo linalomlipia chuo, na akikaa bure atasoma kama mtu anayesomeshwa.

Kitabu alichokuwa akiandika chuoni kilihusu wanawake wanaonunua samaki ziwani, na namna wengine walivyokataa jaboya. Mimi mwenyewe alinihoji. Alinikalisha kwenye kiti cha wateja, akaweka simu katikati yetu, akaniuliza maswali kama hanijui. Niliongea mpaka mafuta yakapoa jikoni. Akaniambia maneno yangu yameingia sura ya kwanza, bila jina, na nikaenda kuliambia soko zima kwamba ni mimi.

Sasa mwalimu wake alikirudisha kile kitabu. Alikijaza alama nyekundu, akasema rekebisha. Binti akarekebisha. Kikarudi tena. Mimi nikitazama ule wekundu nikasema moyoni, aa, huyu mtu anangoja kitu. Nimefanya biashara miaka mingi. Karatasi yangu ya leseni ikirudishwa mara ya pili najua si karatasi inayotakiwa. Askari wa barabarani akizunguka gari mara ya pili najua hatafuti taa iliyovunjika. Hivyo ndivyo nilivyosoma dunia, na sikuwa na shule nyingine.

Tarehe ikapangwa ya yeye kusimama mbele ya walimu na kukitetea kitabu chake. Ilipobaki wiki moja na siku kadhaa binti aliacha kula. Nilimkuta nyuma ya friza akijisemea peke yake kwa Kizungu, anakwama, anaanza tena, anakwama pale pale. Nikamwuliza, "Nyathina, mwanangu, utaweza?" Akasema, "Sijui, Mama."

Maneno hayo mawili ndiyo yaliyonipeleka Homa Bay. Nilimwambia naenda kumsalimia shangazi yake.

Nilimfunga mbuta wangu kwa majani ya ndizi, nikamweka kwenye gunia safi, bodaboda akanipeleka nyumbani kwa yule mwalimu. Pale si vigumu kujua mtu wa chuo anakaa wapi. Mke wake akafungua geti, mwanamke mpole, akasema mzee hayuko.

"Si lazima awepo," nikamwambia. "Mwambie ni mama wa yule msichana wa Migori, anayekuja kutetea wiki ijayo. Yeye ataelewa."

Mke alisita, akatazama gunia, akanitazama mimi na nywele zangu nyeupe. Sisi huku hatumrudishi mzee getini na kitu alichokuja nacho. Akapokea. Nami nilijua atapokea, nilizitegemea hizo nywele.

Binti alirudi kutoka chuoni siku tatu baadaye, na bodaboda alikuwa amefunga katoni nyuma. Nilikuwa nimemshikia duka. Wachimbaji wawili walikuwa kwenye benchi wakila. Akashusha katoni na yule wa bodaboda, wakaiweka sakafuni mbele yangu, akafungua. Mbuta wangu alikuwa ameganda kama jiwe, majani ya ndizi bado yamemshika.

"Huyu ni wako?"

Nikageukia jiko, nikageuza samaki kwenye mafuta.

"Mama, nauliza kwa sababu mimi nimeulizwa. Nimekaa mbele ya watu wanne wananiuliza kama huyu samaki ni wangu, na sikujua wanazungumza nini."

Nikamwambia ni salamu tu. Nikamwambia mtu haendi kwa watu mikono mitupu, hata yeye nilimfundisha hivyo.

"Salamu huwa na wiki ijayo ndani yake? Ulimwambia mke wake ataelewa. Ataelewa nini?"

Mmoja wa wachimbaji akaacha kutafuna. Binti akamwambia kwa upole, "Kula, ndugu yangu, haikuhusu." Kisha akanieleza. Mwalimu wake alikuwa amekwenda mwenyewe kuwaambia wakubwa wake, ili isije ikasemwa kwamba alikula. Siku ya kutetea imesimamishwa. Watamsikiliza kwanza, na wakiona alijua habari za samaki, kitabu kitafungwa na masomo yataishia hapo.

Nilijaribu bado kusimama kwenye njia yangu. Nikasema, "Kila mtu anafanya hivyo."

"Wewe hukufanya," akasema. "Nimeandika hivyo. Sura ya kwanza."

Hakupaza sauti. Alimwinua samaki akisaidiana na yule mchimbaji aliyeacha kutafuna, wakamweka kwenye meza, akachukua msumeno wa nyama. Nikamwambia amfiche kwenye friza kwanza, watu watauliza. Akamkata vipande pale pale mbele ya barabara, akamwuza kwa bei ya kila siku kama samaki mwingine yeyote. Mimi niliketi kwenye kiti cha wateja nikimtazama akiwahudumia watu, na nilitamani duka lile liwe la mtu mwingine.

Nilikwenda chuoni mwenyewe. Binti hakuniomba. Nilivaa gauni la kanisani, nikakaa kwenye korido yao na vijana wanaopita wakinisalimia, "Shikamoo nyanya," wakidhani nimekuja kuona mjukuu. Nilipoitwa ndani nilikuta watu wanne na meza ndefu, na binti yangu kwenye kiti kando, mikono mapajani. Mwalimu wake alikuwepo. Mtu mwembamba, shati lake limechakaa shingoni. Nilikuwa nimemfikiria na kitambi.

Aliyeongoza alikuwa mama wa makamo mwenye miwani. Aliongea nami kwa Kiswahili, na kwa heshima, ikawa vibaya zaidi.

"Mama, binti yako alijua?"

"Hakujua. Nilimdanganya naenda kwa shangazi yake."

"Kuna mtu hapa chuoni aliyekuomba chochote?"

"Hakuna."

"Sasa ulitaka nini?"

"Apite."

Akavua miwani. "Na kupita mwenyewe, hawezi?"

Mimi ni mtu wa maneno. Nimebishana na wavuvi walevi, nimebishana na watu wa kaunti wakaondoka na meza yangu nikaifuata nikairudisha. Ningeweza kusema ni mila, ni heshima, ni uzee. Lakini nilijua nikisema hivyo watabaki na shaka, na shaka yao itamwangukia yeye. Ilibidi niseme ukweli, na ukweli wenyewe ulikuwa ni wa kumvua nguo mtoto wangu mbele ya watu.

"Niliogopa hawezi," nikasema.

Sikumtazama. Nilisikia tu kiti chake kikilia kidogo kwenye sakafu.

Miaka yote nimesema, mtoto wangu hivi, mtoto wangu vile. Wateja wamechoka kunisikia. Kumbe ndani nilikuwa sijamwamini. Nilimwona akisoma miguu ndani ya maji, nikaona uchovu, sikuona kwamba anajifunza kitu. Wale wavuvi wa zamani waliniangalia mimi vivyo hivyo. Waliona beseni, wakaona mwanamke, wakasema huyu peke yake hafiki popote bila kutoa kitu.

Tulipotoka nje binti akaniuliza, "Umekula?" Akanipeleka hotelini, akaniagizia chai na chapati. Tulikaa. Chai ilikuwa ya moto, nikawa naipuliza.

Baadaye akasema, "Ulipokuwa unarudi na beseni tupu, kuna mtu alikwenda kuongea na wavuvi kwa ajili yako?"

"Nani angekwenda?"

"Tuseme mtu alikwenda. Bila wewe kujua. Akawapa kitu. Ungemwambia nini?"

"Ningemtukana mpaka achoke."

Akakata kipande cha chapati yangu, akala. "Mimi sikutukani," akasema. Afadhali angenitukana.

Walimsikiliza, wakaridhika, wakampangia siku nyingine na wakampa mwalimu mwingine wa kumsimamia, ambaye alimrudishia kitabu na alama nyekundu zake mwenyewe. Akarekebisha. Siku aliyosimama mbele yao mimi nilikuwa dukani nimefunga leso kiunoni, nakaanga. Aliniagiza kitu kimoja tu, nisiende popote. Jioni akapiga simu, akasema, "Nimepita, kuna marekebisho machache." Nikasema, "Asante." Sijui kwa nini nilisema asante. Akasema niangalie mafuta yasiungue.

Sasa amemaliza, na bado yuko dukani, na bado wanamwita Profesa. Lakini soko lina masikio. Wachimbaji wawili walisikia siku ile ya katoni, na habari ikatembea ikageuka njiani. Watu wakija kunipongeza wananikonyeza. Wanasema, mama, wewe unajua dunia. Kila pongezi inamwondolea yeye kidogo, na inanipa mimi.

Juzi yule mwanamke wa meza ya omena alivuta kiti karibu nami. Mwanawe yuko chuo, amekwama.

"Dani," akasema kwa sauti ya chini, "yule samaki alikuwa mkubwa kiasi gani?"

Binti alikuwa hatua chache tu, anapima omena kwa gorogoro.

"Alirudi," nikamwambia. "Walimrudisha. Mtoto alipita kwa kichwa chake."

Mwanamke akanitazama, kisha akacheka taratibu, akanipiga paja. "Sawa, ficha. Hata mimi ningeficha."

Nikarudia, kwa sauti kubwa safari hii, mpaka benchi lote likageuka. Wakacheka wote. Binti alisawazisha omena kwa kiganja juu ya gorogoro, akammiminia mteja kwenye mfuko, akamwongezea kidogo juu, na hakuinua kichwa.