Siku Sangala Alipofungua Kinywa Mulongwe

Taya la samaki hushikwa na nini, ikiwa haligusi fuvu? Asubuhi hii, katika chumba cha mifupa cha shule moja ya sekondari mtaani Mulongwe, Uvira, mashariki mwa Kongo, mwandishi wa makala haya amekuja na swali hilo. Concilie Kankindi (56) ameketi, kibano mkononi, na mapajani kichwa cha sangala, samaki mkubwa wa Ziwa Tanganyika.

Yeye ndiye mtunzaji wa chumba hiki. Vichwa vya ng'ombe walioteremshwa kutoka milima ya Rurambo huvichemsha, huvisugua, kisha huvianika juu ya mabati. Taya la ng'ombe halimsumbui: ncha yake ya mviringo hukaa katika kishimo cha fuvu, mbele tu ya sikio.

"Weka kidole hapa, binti, fungua kinywa," anamwambia mwandishi. "Unasikia inatembea? Weye na ngombe muko sawa."

Sangala wa kwanza alimchemsha vivyo hivyo. Alipofunua sufuria alikuta mifupa midogo tele, imeachana yote.

"Minye niliwaza kichwa ni kichwa!" anacheka.

Léopold Ngongo, mkuu wa shule, ambaye hapa huitwa Prefe, hakucheka. Madarasa yamejaa. Alisema samaki asipokuwa tayari Jumatatu, mifupa itapisha madawati.

Leo ni Jumatatu. Kichwa hiki cha pili hakikuchemshwa. Kilimwagiwa maji moto taratibu, na kila kano ilipolegea, Concilie alifunga uzi wa nyavu mahali pake.

Mkuu anaingia na wanafunzi. "Mama Concilie, leo hakuna supu?"

"Hakuna, Prefe. Angalia."

Anavuta taya la chini. La juu nalo linateleza mbele, mashavu yanatanuka, na nyuma yake unaonekana mfupa mwembamba ulioning'inia kutoka kwenye fuvu kama bembea. Huo ndio unaolibeba taya. Wanafunzi wanasogea karibu.

Vitabu vinaeleza kwamba katika ukoo wetu, uliotokana na samaki wa kale, kwa mamilioni ya miaka mfupa huo ulipungua hadi ukaingia sikioni. Nao hutusaidia kusikia.

Mwanafunzi Vanessa anashika sikio lake. "Kumbe niko na samaki mu sikio?"

Wote wanaangua kicheko, hata mkuu. "Basi, chumba kitabaki," anasema. "Lakini hii sangala ifungiwe mu kabati. Hawa watoto watavunja."

Concilie anawatazama wanafunzi, kisha anamgeukia mkuu.

"Hapana, Prefe. Haitaingia mu kabati. Kila mutoto atafungua hii kinywa na mukono yake. Ikivunjika, nitaenda kwa wavuvi kuomba kichwa ingine."