Mafuta ya Maganda kwenye Spika za Baba

Harufu ya maganda ya korosho yanayoungua haitoki kirahisi. Inaingia kwenye nywele, kwenye mashuka, mpaka kwenye nguo za kanisani zilizokunjwa sandukuni, na msimu ukikolea kijiji chetu chote cha Chiungutwa hunuka hivyo toka asubuhi hadi jioni, wala hakuna anayeisikia tena. Mimi bado naisikia. Siku hizi naishi Mtwara mjini, nafundisha, na jirani yangu mmoja hukaanga korosho kwenye kipande cha bati nyuma ya nyumba yake. Moshi mweusi ukivuka ukuta nafunga madirisha, na wanangu hunicheka kwamba huyu ni mtu wa Masasi wa aina gani anayekimbia korosho. Nawaacha wacheke. Hawajui kwamba nilipokuwa na miaka tisa harufu hiyo ilinificha, na kwamba aliyeumia kwa sababu ya kufichwa kwangu ni mjomba wangu.

Zilikuwa enzi za ruksa, biashara ilipofunguliwa. Wanunuzi binafsi wa korosho walikuwa wameanza kuja hadi vijijini na malori yao, na maduka ya Masasi yaliyokuwa na rafu tupu yakajaa vitu ambavyo zamani tulivisikia kwa wasafiri tu. Watu walinunua baiskeli, mabati, magodoro. Baba yangu, mkulima wa mikorosho na mwalimu wa kwaya ya kanisa, alinunua muziki. Alirudi juu ya lori akiwa amelikumbatia boksi kama mgonjwa anayepelekwa hospitali. Ndani yake mlikuwa na kicheza santuri chenye kifuniko cha plastiki angavu kama kioo, amplifaya yenye uso wa fedha na vitufe vizito vya kuzungusha, na nyuma yake, zimefungwa kwa kamba, spika mbili za mbao halisi zilizonifika mbavuni. Havikuwa vipya. Vilitoka kwenye nyumba ya mtu Dar es Salaam, na ukiinamia zile mbao ulisikia harufu ya nta na ya maisha ya watu wengine. Mama alizitazama, akatazama chumba chetu kimoja cha kukaa, akauliza kama tangu leo tutakula nje. Baba alikuwa anafuta vumbi kwa kanzu yake ya kwaya.

Umeme haukuwepo kijijini, kwa hiyo kazi ya kuuamsha muziki ule ilimwangukia Mjomba Edmundi, mdogo wake mama, fundi redio aliyejifunza mwenyewe kwa kuharibu redio za watu na kuzitengeneza tena. Alikuja na bisibisi zake ndani ya soksi, akaufungua, akaunganisha nyaya kwa risasi ya kuyeyusha, akafanya maarifa yake mpaka ukakubali betri ya gari. Siku ya kwanza sindano iliposhuka kwenye sahani, kilianza kusikika kile kisauti cha kukwaruza, halafu besi likatoka chini, zito, nikalihisi kwenye nyayo kabla ya masikio. Baba alikaa sakafuni akafumba macho. Mjomba alinikonyeza. Nilimpenda mjomba kuliko watu wote, na sikuwa peke yangu, maana kwetu mjomba ndiye mwenye watoto. Baba anakulisha, lakini neno la posa yako anapokea mjomba, na bila yeye wageni hawaanzi kusema.

Mimi nilipewa kazi ya kuutunza muziki. Hakuna aliyeruhusiwa kuugusa ila Baba, na mimi na kitambaa changu, kila siku nikitoka shule. Nilijiona mkubwa sana. Ndiyo maana nilipoona asubuhi moja njia ya udongo ya mchwa imepanda ukutani na kufika nyuma ya spika ya kulia, sikumwita mtu. Nilijua dawa yake, kama anavyoijua kila mtoto wa kwetu. Nguzo za nyumba, miguu ya vitanda, mlango wa ghala, vyote bibi alivipaka mafuta meusi yanayotoka kwenye maganda ya korosho, na mchwa hawakurudi. Nilichukua kopo lake jikoni, nikachukua manyoya ya kuku nikayafunga yawe burashi. Nikapaka mbao kwa nyuma na chini, pasipoonekana. Kisha nikavuta kile kitambaa cha mbele ambacho Mjomba alikuwa amenionyesha jinsi kinavyobanduka, na nikaona kwamba ndani yake spika ni karatasi. Karatasi ya kijivu, nyepesi, imekunjwa kama faneli ya kumiminia mafuta. Sote tunajua mchwa wanaanza na nini wakiingia kwenye nyumba yenye vitabu. Basi nikaipaka karatasi yote, vizuri, mara mbili, na ya kushoto pia, kusudi nisionekane nimependelea. Nilirudisha vitambaa. Harufu haikumshtua mtu, kijiji kizima kilinuka hivyohivyo.

Jumapili, baada ya ibada, Baba alialika wanakwaya waje kusikiliza. Walijaa mpaka barazani. Sindano ilishuka, na kilichotoka kilikuwa sauti ya mtu mwenye mafua anayeongea ndani ya mtungi. Mtu mmoja alicheka. Baba alizungusha vitufe vyote, halafu akabandua kitambaa cha mbele, akainama kutazama. Karatasi alizozikumbuka zilikuwa za kijivu. Hizi zilikuwa nyeusi, ngumu, zinang'aa.

"Shemeji," akamwambia Mjomba mbele ya watu wote, "spika zangu umezipeleka wapi?"

Kila mtu alikuwa amewahi kusikia habari za fundi aliyepewa redio nzima akarudisha ganda, na nikaona nyuso za wanakwaya zikibadilika. Mjomba alitoa bisibisi.

"Shemeji, tuzifungue sasa hivi. Kwa nyuma, huko ndani, zina namba, na namba hiyohiyo ipo kwenye boksi lake la mbao. Tusome wote."

"Hutagusa tena kitu changu. Toka."

"Baba Stela, mwache afungue basi," Mama akasema, na sijasikia tena sauti yake ikiwa chini namna ile.

Baba alirudia lile neno moja, na Mjomba akatoka.

Stela ni mimi. Nilikuwa nimesimama karibu na mlango, mikono nyuma. Mafuta yale yakiwa mabichi huunguza, na vidole vyangu vilikuwa vimeshageuka vyeusi, ngozi imeanza kutoka kama ya kiazi kilichochemshwa. Tangu Ijumaa Mama alikuwa akinipaka mafuta ya nazi asubuhi na jioni, kwa kuwa nilimwambia nimekaanga korosho na wenzangu. Ningeweza kusema. Sentensi ilikuwa fupi, nilikuwa nayo mdomoni. Niliogopa kichapo kwanza, hilo nalikiri, lakini niliogopa zaidi kunyang'anywa kile kitambaa cha kufutia vumbi. Kwa kitambaa nilimwacha mjomba wangu aondoke nyumbani kwetu akiwa mwizi. Nilijiambia nitasema kesho. Mtu ukishakula kesho moja, ya pili haikupi shida.

Fundi aliyeitwa mwizi na shemeji yake mwenyewe hapewi redio na mtu. Mjomba alihamia Newala, akalima, na Mama akawa anapanda mlima kwenda kumsalimia peke yake. Nilipoposwa, wageni walikaa wakanyamaza, wakasubiri, kisha mmoja akauliza kwa adabu mjomba wa binti yuko wapi. Baba alitafuta mtu mwingine wa ukoo akae badala yake. Mama aliingia ndani. Hata siku ile, nikiwa mtu mzima, mwalimu, sikusema. Mjomba alipofariki Baba alikwenda maziko, lakini alikaa upande wa wageni, na nilipoiona ile nafasi tupu kando ya Mama nilitamani ardhi inimeze.

Mwaka jana nilisikia kuna kijana kutoka Dar anayezunguka mikoani kutafuta miziki ya zamani. Vijana wa mjini wanaipenda sasa. Wana simu zenye nyimbo zote za dunia mfukoni, lakini wanataka mbao, wanataka sindano, wanataka kile kisauti cha kukwaruza kabla ya wimbo. Nilimpeleka Chiungutwa mimi mwenyewe. Niliwaambia wazazi kwamba vitu vile vinakula nafasi bure. Ukweli ni kwamba nilitaka vitoke, nisivikute tena kila nikienda kuwajulia hali, vimefunikwa shuka kama maiti.

Kijana alisifu kila kitu. Aligonga mbao kwa vidole akatabasamu, akatoa bisibisi, na kabla sijapata la kusema spika ya kulia ilikuwa nje ya boksi lake, imegeuzwa. Aliifuta kwa kidole gumba. "Ni zenyewe, Mzee," akamwambia Baba kwa furaha, kama anayempa zawadi. "Namba ya nyuma na ya boksi ni moja. Hazijawahi kubadilishwa. Ila kuna mtu amezipaka kitu hapa mbele, sijui lami." Akainusa. Hakuijua ile harufu.

Baba aliijua. Alipokea spika kwa mikono miwili, akaileta karibu na pua, kisha karibu na macho, akazisoma zile namba taratibu, moja moja, kama Mjomba alivyomwomba. "Aliniambia tufungue," akasema. "Nikamkatalia mbele ya watu."

"Ni mimi, Baba," nikasema. "Niliwaogopa mchwa." Nina zaidi ya miaka arobaini, na niliisema kwa sauti ya mtoto.

Mama alikuwa mlangoni anachambua kunde. Aliweka ungo chini, akaja, hakumtazama Baba. Alinyoosha mkono akanitaka nimpe mikono yangu. Nikampa. Aliigeuza viganja juu, akapitisha kidole gumba kwenye vidole vyangu kimoja baada ya kingine, polepole, mahali palepale ngozi ilipokuwa imetoka.

"Mikono hii niliipaka mafuta wiki nzima," akasema. "Asubuhi na jioni."

Akaiachia, akarudi kwenye kunde zake. Kijana wa Dar aliuliza kama sasa anaweza kupakia vitu kwenye gari.