Mjomba Barafu na Kilele cha Kaboni

Mjomba wangu tulimwita Barafu. Kwa miaka kumi na tisa, kila asubuhi, kabla hajaonja chai, alikijaza kipokezi cha miale ya gama naitrojeni yake ya baridi kali, maana kikipata joto hakipimi kitu. Mkewe alizoea kulalamika kwamba ana mke mwenza wa chuma.

Bosi wake, profesa mmoja mama wa makamo, alitafuta jambo moja tu: chembe zinazotunyeshea kutoka angani huzaliwa wapi. Zenyewe hazina msaada, maana sumaku za huko juu huzipindisha njiani. Ila zikigonga kaboni karibu na zilikozaliwa, kaboni hutoa mwale wenye nguvu ileile siku zote, nao huja moja kwa moja. Kwenye grafu huonekana kama kilele chembamba. Profesa alikuwa amebakiza miezi mitatu astaafu, na puto moja la kukirusha kipokezi.

Puto lilipaa asubuhi aliyofariki mke wa mjomba. Siku ya pili profesa alikuja msibani na grafu mkobani, akamshika mjomba mikono yote miwili.

"Pole sana, fundi. Lakini kilele tumekipata."

Mjomba aliiweka ile karatasi chini ya mto wake. Ndiyo iliyompa usingizi.

Kipokezi kiliporudishwa, alifungua kifuniko akakuta kidonge cha majaribio bado kimo tunduni. Kidonge hicho hutoa mwale uleule wa kaboni. Hutumika kupimia chombo kingali chini, kisha hutolewa kabla ya kurushwa; kikisahaulika, kilele huwa ni chake, si cha angani. Kukitoa ilikuwa kazi yake. Lakini asubuhi ile hospitali ilipiga simu, akatoka mbio na glavu mkononi.

"Ungekitia mfukoni, mjomba. Nani angejua?" nilimwambia, na sikuwa natania. Nilikasirika kwamba angekwenda kusema, na hasira hiyo ninayo mpaka leo.

"Alinishika mikono, mwanangu."

Alikwenda akakiweka kidonge mezani kwa profesa. Yule mama alikitazama, akaitazama grafu ukutani, akaibandua taratibu.

"Ni asubuhi ile walipokupigia simu?"

"Ndiyo, mama."

"Ulimkuta?"

"Sikumkuta."

Profesa alivuta kiti akamkalisha, naye akaketi kando yake. Walikaa hivyo mpaka mchana. Kipokezi kikaanza kupata joto, na siku hiyo hakuna aliyekijaza.