Saa Iliyokwenda Uswisi

Nestory Malimi alikuwa kipofu mwenye kiburi, na kiburi chenyewe alikiweka kwenye mfuko wa koti. Ilikuwa saa ya dhahabu, ya mnyororo, nene kama andazi. Alipewa na Mgiriki mwenye kinu cha pamba huko Misungwi, mwaka ule Mgiriki alipofunga virago kurudi kwao. Wakati huo Nestory macho yake yalikuwa mazima, na ndiye aliyekuwa akipanga pamba kwa daraja pale kinuni. Alizivuta nyuzi kwa vidole, akasema hii ya kwanza, hii ya pili, na wakulima waliombishia hawakurudia.

Saa hiyo ilikuwa na kikono kidogo ubavuni. Ukikisukuma, inagonga: milio mizito ndiyo saa, milio ya pacha ndiyo robo, na ile myembamba ya mwisho ni dakika. Kwa miaka mingi ilikuwa pambo tu. Macho yalipofifia hadi yakazima kabisa, pambo likapata kazi. Makame, fundi saa wa karibu na soko kuu, aliitega kwa hesabu yetu sisi. Sote huona mshale kwenye saba tukasema saa moja bila kujisumbua, lakini Nestory hakutaka kuongeza wala kupunguza. Watoto wakishika njia ya shule, yake iligonga mara moja, basi.

Mkewe Modesta alifurahi mwanzoni, maana mzee hakumsumbua. Baadaye ndipo alipoona amepoteza nini. Nestory hakuuliza kitu. Alijua njia ya chooni kwa fimbo, alijua wageni kwa hatua zao, na saa aliambiwa na mfuko wake. Watoto walikwisha kuoa na kuolewa. Modesta aliweza kukaa asubuhi hadi jioni na mume barazani, ziwa zima likiwa chini yao, asisikie neno zaidi ya "chai imepoa". Ule mlio wa saa ukitoka mfukoni, Modesta aliuona ni kama mlango unaofungwa.

Mwaka tisini na tano, kabla ya masika, saa ikanyamaza.

Makame aliifungua, akaitazama kwa kioo chake cha jichoni, akaifunga tena polepole.

"Mzee mwenzangu," alisema, "humu ndani mna vinyundo na nyaya ambazo mimi nazisikia tu kwenye hadithi. Nikiigusa nitaiua. Hii irudi kwao, Uswisi."

"Uswisi naijua mimi?"

"Wewe huijui. Odeta wako je?"

Odeta alikuwa binti wa mdogo wake Nestory, sista, naye alikuwa anapelekwa Uswisi na shirika lake kusomea uuguzi. Wengine walicheka. Wakati huo mji ulikuwa umejaa saa za plastiki kutoka Uchina, ukinunua mbili unaongezwa kalamu, na huyu mzee anauza mitamba ili saa moja ipande ndege. Nestory aliwaacha wacheke. Odeta akaondoka na saa imefungwa ndani ya soksi.

Modesta naye akanunua saa moja ya hao Wachina, akaitundika sebuleni. Siku ya kwanza Nestory alijikaza mpaka mchana. Aliligeuzia jua uso, akasikiliza feri ya Kamanga ikipiga honi, akakisia, akakosea, akakosa taarifa ya habari. Mwishowe akakohoa.

"Mama Alexander. Saa ngapi?"

Modesta alikuwa jikoni, mikono ina unga. Alikuja mbio kama aliyeitwa na mgonjwa.

"Saa nane kasoro robo, baba."

"Feri bado?"

"Ndiyo inatia nanga. Imebeba lori la mihogo, na ng'ombe watatu. Mmoja amegoma kushuka."

"Wa rangi gani?"

Ndivyo ilivyoanza. Kuulizia saa kukawa kunazaa swali, na swali linazaa habari. Modesta akamweleza viwanda vya minofu ya samaki vilivyokuwa vinaota ufukweni, jinsi wasichana walivyovaa mabuti meupe na kofia za nailoni. Akamweleza jirani yao Ndalahwa alivyopaka nyumba rangi ya waridi na sasa anaona aibu kutoka nje. Nestory alicheka hadi akafuta machozi. Miaka mingapi Modesta hakusikia kicheko kile! Alianza kupika huku mlango wa jikoni uko wazi ili asikose kuitwa. Mwanamke wa makamo yake, mwenye wajukuu, alikuwa anangojea kuitwa kama msichana.

Kwa hiyo Odeta aliporudi likizo ya Krismasi mwaka uliofuata, Modesta alimkumbatia kwa furaha, kisha akaiona ile soksi mkononi mwake na furaha ikamkauka.

"Shikamoo baba mkubwa. Shikamoo mama. Imepona! Fundi wa kule ameifanyia kazi miezi minane. Ameniagiza niitie ufunguo kila asubuhi, basi nimeitia, hata ndani ya ndege. Kingine sijagusa, naogopa."

Ilikuwa saa moja asubuhi. Nestory aliipokea kwa mikono miwili, akasukuma kikono. Mlio ulikuwa safi kuliko zamani. Ikagonga tano.

"Tano?"

"Ni saa ya Uswisi hiyo, baba mkubwa. Itegwe tu." Odeta akanywa chai, akawahi basi la kwenda kwa masista wenzake.

Nestory akamnyooshea mkewe saa. "Itege, mama. Kama Makame alivyokuwa ameitega."

Modesta aliipeleka dirishani. Kifundo cha kutegea kilikuwa hapo juu, kidogo, chenye meno. Ilikuwa kukivuta na kukizungusha tu, kazi ya kufumba na kufumbua. Kisha mlango ungefungwa. Chai ingepoa, na ng'ombe wangeshuka ferini bila mtu kutaka kujua rangi zao.

"Hakivutiki," alisema. Sauti yake mwenyewe ilimshtua. "Naogopa kukivunja. Nitampelekea Makame."

"Haya. Mpelekee."

Saa ikarudi mfukoni mwa Nestory, naye Modesta hakumpelekea Makame. Kesho yake alisema mvua, na keshokutwa akasema Makame ana msiba Bukoba. Jumapili alikwenda kanisani akarudi na dhambi yake vilevile, kwa sababu padre angemwambia akaitege. Nestory hakumsukuma. Aliendelea kumwita na kuuliza saa, na Modesta aliendelea kuja mbio, ila sasa kila habari aliyompa aliiona kama ya wizi. Alikuwa amemnyang'anya kipofu fimbo yake, tena fimbo aliyoiuzia mitamba, ili tu amshike mkono. Aliliona hilo wazi na bado hakuweza kuacha.

Alasiri moja alikuwa amesimama nyuma ya pazia la mlango, ameshika bakuli la karanga. Nestory alikuwa peke yake barazani. Aliitoa saa mfukoni, akaiinua sikioni, akasukuma kikono. Mlio mzito mara mbili. Pacha mara moja.

"Mbili na robo," alinong'ona mzee. Vidole vyake vikatembea juu ya goti, kimoja kimoja, kama zamani alipokuwa anapima pamba. "Ongeza nane, sita za hesabu yetu na mbili za Uswisi. Kumi na robo."

Modesta alitupa jicho sebuleni. Ilikuwa kumi na robo kamili.

Nestory akairudisha saa mfukoni, akauweka vizuri mnyororo usilie. Akakohoa.

"Mama Alexander! Saa ngapi?"

Modesta akaliweka bakuli chini. Akajifuta macho kwa pembe ya kanga.

"Kumi na robo, baba."

"Loo, siku imekwenda kweli leo," alisema Nestory, kama mtu aliyepashwa habari mpya.

Modesta akatoka, akaketi karibu naye, karibu kuliko alivyozoea kuketi mchana. Akanyoosha mkono kwenye mfuko wa koti.

"Lete niitege. Kifundo kinavutika. Nilikudanganya."

Nestory akaufunika ule mkono kwa wake, papo hapo juu ya mfuko.

"Najua kinavutika, nilikivuta siku ileile. Iache hivyohivyo," alisema. "Haya, feri imebeba nini leo?"