Mwaka Ambao Mama Mkwe Alipumua

Mama mkwe wangu alikuwa na pumu tangu nimfahamu. Tulimtoa kwake, upande wa juu wa Tengeru, akaja kuishi nasi mjini, Levolosi, ili awe karibu na hospitali. Hospitali ilikuwa karibu kweli, lakini na barabara pia. Siku za foleni, malori yakitema moshi mbele ya nyumba yetu na bodaboda zikipita bila kukoma, alikohoa mpaka akashika ukuta.

Halafu corona ikaingia. Shule zikafungwa, ndege za watalii zikaacha kutua, na mume wangu, aliyekuwa dereva wa watalii, akakabidhi gari la watu na kurudi nyumbani kwa miguu. Mtaa ukapoa. Mwanzoni nilidhani mvua za masika ndizo zilizosafisha hewa. Lakini hata siku zilizokauka, ule moshi tuliouzoea haukuonekana. Asubuhi moja nilifungua mlango nikauona Mlima Meru mzima, mpaka makorongo yake, kana kwamba umesogea kuja kutazama kuna nini. Sikufurahi. Nilisimama pale na ufagio mkononi, nikiwaza ni vitu vingapi vimesimama mpaka mlima uonekane hivyo.

Mama yeye akapata nafuu. Dawa yake ya kuvuta ikakaa tu juu ya kabati. Alianza kwenda dukani mwenyewe, anarudi na kiberiti na sabuni bila kuhema. Siku moja tulikuwa tumekaa nje tunachambua mchicha, akaniambia, "Mwanangu, sijavuta pumzi hivi tangu nikiwa msichana."

Kabla sijajibu, kengele ya kanisa ikalia, ule mlio wa taratibu wa msiba. Ilikuwa imeshalia vile asubuhi hiyohiyo. Tuliweka mchicha chini mpaka ikamaliza.

"Watu wanakosa pumzi, mimi ndiyo naongezewa," akasema. "Mambo gani haya?"

"Usiseme hivyo, Mama."

"Haya, sisemi. Lakini naogopa."

Mtungi wa gesi ulipoisha hatukuujaza tena. Tulirudi kwenye mkaa, kama nyumba nyingi pale mtaani. Nilipikia barazani, na mume wangu akamwonya mama yake kwamba jiko lisiingizwe ndani hata kuwe na baridi gani. Mama akajibu kwamba amepika kwa kuni maisha yake yote, hafundishwi moto na mtoto wake.

Ikaja alasiri ya mvua, na baridi ile inayoshuka kutoka mlimani na kuingia mpaka kwenye mifupa. Mume wangu alikuwa Sombetini anatafuta kibarua kwenye nyumba zinazojengwa. Mimi nilitoka sokoni, nikakuta mlango umefungwa na dirisha limefungwa. Nilibisha hodi, kimya. Nikasukuma kwa bega.

Jiko lilikuwa katikati ya chumba, makaa mekundu kabisa. Hapakuwa na moshi hata kidogo, na hilo ndilo linalonitisha mpaka leo. Mama alikuwa kitini, shuka magotini, kidevu kimeangukia kifuani. Nilimwita, hakuitika.

Nilimshika makwapani nikamburuta mpaka nje, mvuani, huku naita watu. Majirani walitoka. Walisimama kwenye vibaraza vyao, khanga zimeziba midomo.

"Ni corona?" akauliza mama wa nyumba ya pili, ambaye tulizoea kuombana chumvi.

"Ni mkaa," nikasema. "Jiko lilikuwa ndani. Njoo unisaidie kumgeuza."

Hakusogea. Hakuna aliyesogea. Siwalaumu sana, wiki ileile walikuwa wametoka kuzika, na hakuna aliyetuambia kwa uhakika marehemu alikufa kwa ugonjwa gani. Nilimgeuza ubavu peke yangu, nikamfungua vifungo vya sweta, nikamsugua mgongo huku maji yanatiririka chini yetu. Mwishowe akavuta pumzi moja ndefu yenye mkwaruzo, akatapika, akafumbua macho.

"Nilitaka kupasha mikono tu," akasema.

Kichwa kilimwuma kwa muda mrefu baada ya hapo, na watu waliendelea kuukwepa mlango wetu. Watoto walikatazwa kupita kwenye uwanja wetu.

Kisha magari yakarudi. Mume wangu aliitwa kazini, nami nilipousikia tena moshi wa dizeli barabarani nilishukuru, maana ulikuwa na maana kwamba tutakula. Haikupita muda, Mama akaishusha dawa yake kutoka juu ya kabati. Alivumilia kidogo, halafu akatuambia, "Nirudisheni kwangu." Tulimrudisha.

Mara ya mwisho nilipokwenda kumsalimia tulikaa uani, kando ya migomba. Msituni, juu ya mashamba ya kahawa, nguzo za moshi zilikuwa zimesimama, moja hapa, nyingine pale.

"Nini kile, Mama?"

"Wanachoma mkaa. Vijana waliokuwa wanabeba mizigo ya wageni mlimani. Si wote walioitwa tena kazini."

Upepo ulikuwa unateremka kuja kwetu. Alianza kukohoa kabla chai haijapoa. Nilimwuliza kama tumrudishe mjini.

"Kwani huko kuna nini?" akasema, akijifuta mdomo.

Nikaenda kumletea maji.