Kidole cha Kinyozi

Zamani kinyozi wetu alikuwa hanyoi kidevu cha mtu kabla hajakipapasa kwa kidole kidogo cha kushoto, ajue nywele zimelalia wapi. Na mdomo wake haukuwa na breki. Asubuhi ile redio ilipotangaza kwamba wanajeshi wameipindua serikali, alijipiga paja, wembe mkononi, akasema, "Afadhali! Hawa tuliowachagua wametuchosha." Kitini alikuwa mwalimu mstaafu, mteja wake wa miaka nenda rudi, shavu moja limeshanyolewa, jingine povu tupu. Mwalimu alikishika kile kidole, akautazama ukucha, ambao wino wa kupigia kura ulikuwa bado haujautoka. "Tulipanga foleni pamoja, mwanangu," alisema, akajifuta povu kwa taulo, akaondoka na shavu lake moja. Kufika adhuhuri wanajeshi walikuwa wameshindwa, mtaa mzima ukashangilia, na kinyozi akapiga vigelegele kuliko wote. Siku hizi hunyoa kimya. Taulo la mwalimu hulifua kila wiki, akalitundika mgongoni mwa kiti. Mwalimu mwenyewe hupita ng'ambo ya barabara, ndevu ameziachia. Wino ulishatoka zamani, lakini videvu vya watu kinyozi sasa huvipapasa kwa kidole cha kulia.