Elieth na Mama Mkwe Aliyemwita Mchawi

Elieth aliolewa kijijini Haneti na kijana mpole aliyeitwa Joshua, mtoto wa pekee wa mjane mmoja, Paulina. Waliishi wote watatu katika tembe moja ya zamani, yenye kuta nene na paa bapa la udongo, na baada ya mwaka mmoja wakawa wanne, maana alizaliwa binti, Penina. Paulina hakuwa mtu wa kusifia. Mlenda wa mkwe wake ulikuwa mzito mno, au mwepesi mno, na ugali wa uwele haujaiva. Elieth alisikia na kunyamaza. Alidhani ndivyo mama wakwe wote walivyo.

Penina alipokuwa na miaka minne, Joshua alikufa. Ulikuwa msimu wa palizi. Asubuhi alikula chakula alichoandaliwa na mkewe, akaenda shambani, na kabla ya adhuhuri majirani walimrudisha wamembeba. Shingo ilikuwa imekakamaa na hakumtambua hata mama yake. Kwenye kituo cha afya waliambiwa ni homa ya uti wa mgongo, na kwamba amechelewa. Hakuiona asubuhi ya pili.

Msiba ulijaa watu. Mwinjilisti alikuwa amemaliza kuomba, kina mama wanagawa chakula, ndipo Paulina aliposimama katikati ya waombolezaji. Alimnyooshea Elieth kidole.

"Mwanangu alitoka hapa mzima," alisema. "Alikula kwa mkono wa huyu mwanamke, akaenda kufa. Mchawi ni huyu. Mnamwangalia tu?"

Hakuna aliyemjibu. Kina mama walijishughulisha na sahani. Elieth alikuwa ameketi juu ya mkeka, Penina mapajani, na baadaye alisema kwamba kilichomuumiza zaidi hakikuwa neno lenyewe. Ni ule ukimya wa watu aliowafahamu. Siku iliyofuata alikuta godoro lake, sufuria mbili na nguo za mtoto zimewekwa nje ya boma. Aliviokota, akamfunga Penina mgongoni, akaondoka.

Alifika Makutupora kwa sababu alisikia kuna vibarua kwenye mashamba ya zabibu. Mwanzoni alipewa kazi ya kuvuna, kisha ya kupogolea, yaani kupunguza matawi ya mizabibu, na mikono yake ikazoea. Alipanga chumba jirani na Kuluthumu, Mrangi kutoka Kondoa, mwanamke mwenye kicheko kikubwa ambaye naye alifanya kibarua shamba lilelile. Watoto wao walikua pamoja. Mmoja akiumwa, mwingine alipika kwa nyumba zote mbili. Idi ikifika, Elieth alikuwa jikoni kwa Kuluthumu tangu alfajiri. Krismasi, kinyume chake.

Jumapili Elieth alikwenda kanisani, na hapo palikuwa na jambo ambalo hakuna aliyeligundua. Waumini walipoomba sala ya Bwana kwa pamoja, yeye alifuatana nao mpaka mahali pa kuomba msamaha kama sisi tunavyowasamehe wengine. Hapo alifumba mdomo. Wenzake wakishapita, alijiunga nao tena. Alifanya hivyo kwa miaka. Siku moja, wakiwa wanafunga matawi kwenye waya, alimweleza Kuluthumu.

"Siwezi kumdanganya Mungu," alisema. "Sijamsamehe yule mama."

Kuluthumu hakuwa na mahubiri. "Basi nyamaza hapo mpaka utakapoweza," alisema. "Lakini usiache kwenda."

Hakuacha. Alipata kipande chake cha shamba, akapanda mizabibu, akajenga nyumba ya matofali ya vyumba vitatu. Kanisani walimchagua kuwa mzee wa kanisa, kwa sababu alikuwa mtu wa kufika mapema na kutembelea wagonjwa bila kutangaza. Penina alikuwa amemaliza darasa la saba na kuingia sekondari. Maisha yalikuwa yametulia kiasi kwamba wiki nzima iliweza kupita bila Elieth kulikumbuka jina la Haneti.

Kisha habari ikaja. Ililetwa na mchuuzi wa mbuzi aliyetoka huko. Mvua zilikuwa zimekosekana misimu miwili mfululizo. Katika familia moja watoto wawili walikufa kwa homa, wakifuatana. Watu wakaanza kutafuta wa kumlaumu, wakampata Paulina, mzee, mpweke, asiyeona vizuri.

"Wanasema alimla mwanawe mwenyewe, akamsingizia mkwe," mchuuzi alisema. "Vijana wamebomoa nusu ya paa lake. Hakuna anayempa hata maji. Sijui kama atamaliza mwezi."

Elieth hakuficha alivyojisikia siku ile. Alifurahi. Alirudi nyumbani, akapika wali na kuku, na Penina alipouliza kuna sherehe gani, mama yake alisema hakuna, amejisikia tu. Usiku alilala vizuri. Furaha hiyo ilidumu mpaka kesho yake, alipokuwa anachota maji. Alijikuta anafikiria ndoo: nani anamchotea yule mzee? Alijaribu kufikiria jambo jingine. Alifahamu ilivyo kupita mbele ya watu na kuona wanahamisha watoto wao. Alifahamu sauti ya jina lile, mchawi. Kufikia jioni, ile furaha ilikuwa imechacha, na hakuweza kuirudisha hata alipotaka.

"Naenda Haneti," alimwambia Kuluthumu.

"Kumwona, au kumchukua?"

"Sijui. Nikifika nitajua."

Alimkuta Paulina ameketi kwenye ile sehemu ya tembe iliyobaki na paa, amejifunika kaniki, mgongo ukutani. Alikuwa amekonda. Elieth alisimama mlangoni.

"Shikamoo, mama."

Mzee aligeuza kichwa kufuata sauti. "Elieth," alisema mwishowe. Hakuitikia salamu. "Umekuja kuangalia?"

"Nimekuja kukuchukua."

"Unipeleke wapi?"

"Kwangu. Makutupora."

"Ili unimalize huko, wasikokujua?"

Elieth alikiri baadaye kwamba nusura aondoke. Mguu mmoja ulikuwa tayari nje. Badala yake aliingia, akakusanya nguo mbili tatu za mzee ndani ya kanga, akamshika mkono kumsimamisha. Paulina hakukubali wala hakukataa. Alikuwa mwepesi kama mtoto.

Nje walikuwa wamekusanyika watu, pamoja na mwenyekiti wa kijiji. Kijana mmoja alisema kwamba uchawi hauhamishwi, utamfuata mpaka huko. Elieth aliwatazama. Wengi aliwatambua, walikuwa kwenye ule msiba.

"Mimi ndiye niliyeitwa mchawi kwenye boma hili," alisema, "na huyu ndiye aliyeniita. Leo namchukua akalale chumba kimoja na binti yangu. Kama mimi simwogopi, ninyi mnaogopa nini?"

Mwenyekiti alitazama chini. Watu wakawapisha.

Watu wanaosimulia habari hii kanisani hupenda kuishia hapo, lakini kazi yenyewe ilikuwa haijaanza. Jioni ya kwanza Makutupora, Elieth aliweka ugali na mboga mbele ya mama mkwe wake. Paulina alinusa, akakaa. Hakunyoosha mkono.

"Onja kwanza," alisema.

Elieth alimega tonge, akachovya, akala. Ndipo mzee naye akala, kwa njaa ya kutia huruma. Kesho yake ikawa vivyo hivyo, na keshokutwa. Uji, chai, hata maji ya kunywa: onja kwanza. Elieth alionja. Hakutoa maelezo wala kununa. Penina, aliyekuwa na miaka kumi na sita na hasira ya umri huo, ndiye aliyeshindwa kuvumilia.

"Mama, unaonja mbele yake kama mshitakiwa," alisema siku moja wakiwa uani. "Huyu ndiye aliyetutupa nje. Mimi nimekulia chumba cha kupanga kwa sababu yake. Kwa nini unajidhalilisha?"

"Naonja kwa sababu ana njaa," Elieth alijibu, akaendelea kuosha vyombo.

"Na wewe? Nani anakuuliza unajisikiaje?"

Elieth alisema kwamba anajisikia vibaya, kila siku, na kwamba anaomba kabla ya kupika na baada ya kupika. Penina aliingia ndani akabamiza mlango.

Kanisani nako maneno yalianza. Habari za Haneti zilisafiri. Baadhi ya kina mama hawakutaka tena kupokea chochote kutoka kwa mikono ya Elieth. Batholomeo, mwinjilisti wa Makutupora, mtu mwema lakini mwoga wa ugomvi, alimwita pembeni baada ya ibada.

"Mama Penina, ningekuomba upumzike kidogo uzee wa kanisa," alisema. "Siyo adhabu. Ni mpaka maneno yapoe."

"Nimekosa nini, mwinjilisti?"

"Hujakosa. Ndiyo maana nakuomba, sikuamrishi."

Alikubali, lakini ilimuuma kuliko alivyotarajia. Aligundua kwamba alikuwa amekipenda kile kiti cha mbele cha wazee wa kanisa. Jumapili mbili hakwenda. Ya tatu alimwosha Paulina, akamvalisha, akaenda naye wakaketi benchi la mwisho karibu na mlango, na watu wa benchi hilo wakasogea mbele. Wakabaki wawili. Walikaa hapo Jumapili zote zilizofuata, na Elieth aliimba kama kawaida.

Mtu wa kwanza kula nyumbani kwao hadharani alikuwa Kuluthumu. Alikuja mchana, akaketi mkekani karibu na Paulina, akanawa, akala naye sahani moja huku akicheka na kumweleza habari za Kondoa. Siku za mavuno, Elieth akiwa shamba, ni yeye aliyekuja kumtoa mzee nje aote jua na kumrudisha ndani. Batholomeo alipita akaona, akaona aibu. Wiki hiyohiyo naye alikuja kunywa uji. Baada yake wakaja wengine, mmoja mmoja.

Ulikwisha mwaka. Katika mavuno ya mwezi wa nane Elieth alirudi kutoka shamba akiwa na homa kali, akalala bila kuvua viatu. Penina alikuwa bweni. Alipoamka alisikia harufu ya moshi na kitu kinachoungua kidogo. Paulina aliingia akipapasa ukuta, ameshika bakuli la uji kwa mikono miwili. Ulikuwa na mabonge na umemwagika njiani. Alikaa kitandani, akachukua kijiko, akanywa kwanza yeye. Kisha akampa mkwe wake.

Elieth alikunywa mpaka bakuli likawa tupu.

"Joshua aliniambia kichwa kinamuuma jioni ya siku iliyotangulia," Paulina alisema. "Kabla hajala kwako. Alitetemeka, nikamfunika. Nikamwambia ni uchovu, atapona akilala." Alipapasa ukingo wa bakuli. "Ningempeleka kituo jioni ile, labda angepona. Nilijua tangu siku ya msiba kwamba si wewe. Nilikuwa najua nilipokunyooshea kidole."

Elieth hakumkumbatia. Alipoweza kusimama, alitoka nje akaenda kukaa shambani kati ya mistari ya mizabibu, ingawa homa ilikuwa haijaisha, na alikaa mpaka Kuluthumu alipomfuata. Alimwambia Kuluthumu kwamba alikuwa na hasira kuliko siku aliyofukuzwa. Uongo wa mtu aliyekosea kwa uchungu alikuwa ameuzoea. Huu ulikuwa mwingine, wa mtu aliyejua. Kuluthumu alimfunika kanga, akamwacha alie.

Siku kadhaa alipika bila kuzungumza. Paulina alikula bila kudai kuonjewa, na hakuomba asamehewe. Pengine hakujua namna ya kuomba. Ni Elieth aliyevunja ukimya, alipokuwa anamkata kucha.

"Mama," alisema, "siku ile ya msiba ulikuwa unaogopa?"

"Sana."

"Hata mimi niliogopa."

Basi. Hawakuzungumzia tena. Elieth anasema kwamba kusamehe hakukumjia siku hiyo wala siku yoyote anayoweza kuitaja. Kulikuwa kumeshaanza bila yeye kujua, katika vile vyakula, na baada ya hapo alikuwa na kazi ya kutouharibu msamaha huo.

Paulina aliishi miaka miwili mingine. Alibaki mkosoaji wa mlenda. Alipofariki, Elieth aliurudisha mwili Haneti ili azikwe karibu na mwanawe. Vijana waliobomoa paa walichimba kaburi na kubeba jeneza, wengine wakilia waziwazi. Mwenyekiti alimwomba Elieth aseme neno kwa niaba ya familia. Alishukuru waliofika, akaomba watu wasiwaache wazee wakae bila maji. Penina alitupa udongo wake kaburini akarudi kusimama kando ya mama yake. Hakuwa amempenda bibi yake sana. Alikuwa ameanza.

Kanisani walimrudisha Elieth kwenye uzee. Kina mama walimwomba awafundishe somo la upendo, akasema yeye hajui kufundisha, akawaombea tu na kuketi. Penina sasa anasomea ushonaji Nzuguni, na hurudi nyumbani mwisho wa wiki.

Mwaka huu, kabla ya kupogolea, simu ilipigwa kutoka Haneti. Alikuwa mwenyekiti. Kulikuwa na mama mwingine mzee, asiye na mtoto, na maneno yalikuwa yameanza. Alitaka kujua kama Elieth angeweza kumpokea kwa muda.

Elieth alilalamika. Alisema nyumba yake si kituo cha wazee, kwamba ana mizabibu ya kushughulikia, kwamba yeye mwenyewe anazeeka na magoti yanauma. Mwenyekiti alisikiliza yote mpaka mwisho.

"Ana meno?" Elieth aliuliza.

"Machache."

Alikata simu, akampigia Penina kumwambia akija Jumamosi apitie sokoni, anunue unga wa uji.